Nilivyokwenda Kumchukua Mdogo Wangu Melini

Ukisafiri na meli kubwa ya abiria, usiagize chakula cha watu wawili kama umeandikishwa peke yako. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia wanaoniuliza. Mengine ni madogo. Beba sweta, maana ndani wanaweka baridi kama ya Suam asubuhi. Kadi ya mlango ivae shingoni, kwa sababu ndiyo ufunguo, ndiyo kitambulisho, na ndiyo inayowaambia kama umo melini au umeachwa nchi kavu. Vaa viatu ulivyozoea. Kichefuchefu kikianza, tafuna tangawizi na utazame mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, usitazame sakafu. Chumba cha chini, katikati ya meli, hakiyumbi sana kama cha juu.

Wateja wangu pale Kibomet, ninaposhona sare za shule, hupenda haya. Wanacheka, wanauliza kama ni kweli kuna bwawa la kuogelea juu ya bahari. Lipo. Lakini mimi sikwenda kuogelea. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akifua nguo kwenye meli hiyo. Kampuni ilitupigia simu kwamba ameanguka baharini na hakuonekana tena, na mama yetu akakataa kuamini.

Kwetu Mabanga, mtu akifa na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake, na matanga yakaisha. Kabla ya hapo mmoja wa nyumba hiyo huenda hadi alipofia, akamwita kwa jina na kumwambia twende nyumbani. Mama alijua haya yote vizuri kuliko sisi. Alichokataa ni kukatwa kwa mgomba. Alisema ukizika mgomba na mtu yuko hai, basi wewe ndiye umemuua. Hakunyoa nywele. Hakuruhusu mtu yeyote amwite mwanawe marehemu mbele yake. Waombolezaji walikuja, wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka bila kujua kama wamekuja matangani au wamekuja kutembea.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuwa na maoni yake. Kijana hakuwa ameoa wala kujenga. Alisema amepata mzungu huko, ameshukia bandari fulani, na kampuni inamfichia. Majirani wengine walinong'ona kwamba alisukumwa. Mimi sikujua la kushika. Nilikuwa namshuku baba mdogo kwa kusema vile, na majirani kwa kunong'ona vile. Kampuni niliishuku zaidi ya wote, hasa ilipotupigia tena na kusema kwamba mtu mmoja wa familia anaweza kusafiri na meli ile ile, kutoka Mombasa kuzunguka visiwa na kurudi, ili apaone mahali penyewe.

"Mtu hakupi chakula bure kama hana deni la damu," baba mdogo aliniambia. "Wewe nenda. Lakini kinywa chako ukichunge. Usile kitu chao."

Hilo la kula halikuwa lake peke yake. Kwetu huli katika nyumba ya mtu unayemshuku amemuua ndugu yako mpaka jambo litengenezwe. Kwa hiyo nilifunga njugu za kukaanga, ufuta na viazi vitamu vilivyochemshwa. Jirani yangu wa kibanda cha vitambaa karibu na msikiti, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani, alinipa tangawizi na ushauri. Aliniambia nisimwamini mtu yeyote anayetabasamu kabla hajasalimiwa. Melini nilikuta wote wanatabasamu kabla ya kusalimiwa.

Viazi vilichukuliwa bandarini. Chakula kilichopikwa hakipandishwi, na wewe ukisafiri usijisumbue nacho. Njugu na ufuta vilipita kwa kuwa vilikuwa vimefungwa vizuri. Kabla hatujang'oa nanga tulikusanywa, kila mtu na jaketi lake la kuelea la rangi ya machungwa, tukafundishwa kulivaa na kuonyeshwa mashua tutakayopanda kukitokea hatari. Abiria wengi walikuwa wakipiga picha. Mimi nilisikiliza kila neno. Niliona ajabu kwamba meli inayojua kuokoa watu namna hii ilishindwa kumwokoa mmoja.

Siku hiyo ya kwanza ofisa mmoja wa meli, mzungu aliyevaa nyeupe, alinijia na kunipa pole. Alisema ilikuwa ajali ya kusikitisha sana na kwamba kila kilichowezekana kilifanywa. Jioni mwanamke wa mapokezi aliniambia ilikuwa ajali ya kusikitisha sana na kwamba kila kilichowezekana kilifanywa. Kizungu changu ni cha darasa la nane lakini maneno yanayofanana nayatambua. Watoto waliokaririshwa shairi hulisema hivyo.

Nilikwenda kwenye vyuma vya ukingoni, kwenye sitaha ya abiria, nikajipima. Vilinifika chini kidogo ya kifua. Mdogo wangu alinizidi kwa kichwa kizima. Vingemfika juu ya kiuno. Mtu haanguki tu mahali kama hapo. Anapanda, au anainuliwa. Niliinama nikatazama maji chini, mbali sana, nikawaza mengi mabaya juu ya kila aliyepita nyuma yangu. Mzee mmoja mgeni aliniuliza kama naumwa. Nilimjibu hapana na nikaitazama mikono yake.

Chumba nacho kilinipa kazi. Nilitoka asubuhi nimekifunga, nikarudi nikakuta kitanda kimetandikwa, chokoleti imewekwa juu ya mto, na taulo limekunjwa likawa mnyama mwenye masikio marefu, amevalishwa miwani yangu ya kushonea. Sikulala vizuri. Kwetu mtu akiingia chumbani mwako usipokuwepo na akakuachia kitu chenye macho, huyo si mtu wa kushukuriwa. Kesho yake nilikuta nyoka. Sasa najua wanafanyia abiria wote, na watoto hupenda. Chokoleti pia ni salama. Lakini wakati ule nililifungua taulo kwa ncha ya mwavuli, na kuanzia hapo nikaning'iniza mlangoni kile kibao cha kukataza watu kuingia.

Mezani nilikula mayai ya kuchemsha yaliyokuwa bado na maganda, na ndizi nilizomenya mwenyewe. Kitu chenye ganda lake hakijashikwa na mtu. Kijana aliyehudumu meza yangu, nadhani Mfilipino, alihuzunika. Kila mlo aliniletea kitu kipya, akasimama, akatazama nisipokigusa, akakiondoa. Nilidhani anahesabu ni lini nitashindwa.

Siku ya pili mchana ofisa yule yule alinijulisha kwamba tunapita karibu na mahali penyewe. Hapakuwa na kitu. Sijui nilitarajia nini, labda kisiwa, au maji ya rangi nyingine. Yalikuwa maji yale yale ya asubuhi. Ofisa aliniachia shada la maua la kutupa, akarudi nyuma kwa heshima. Nilitupa maua kwa sababu aliyatoa. Kisha nikashika vile vyuma nikamwita mdogo wangu kwa lugha ya nyumbani, kwa jina alilopewa la babu yetu, nikamwambia mama anamngoja, twende.

Kuanzia hapo unapomchukua mtu unampa nafasi. Ndivyo wanavyofanya wanaotoka kuchukua ndugu aliyefia barabarani: kiti cha pili hakikaliwi, na safarini unamwambia mnakopita asije akapotea. Chumbani mlikuwa na vitanda viwili. Nilimpa kile cha dirishani nikahamisha mkoba wangu. Mezani nilimwomba yule kijana aweke sahani ya pili na kiti. Aliniuliza nani anakuja. Nilimwambia mdogo wangu.

Uso wake ulifunguka kama aliyepata jibu la kitendawili. Alileta supu, akaleta matofaa ya kijani na biskuti za chumvi, ambazo melini hupewa wanaotapika. Nilivibeba vyote chumbani kwa leso kwa sababu mdogo wangu hakula. Kesho yake tena. Nilikuwa pia nikizungumza naye, kwamba sasa tumefika kisiwa fulani, sasa tunaondoka, usishuke hapa. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Nani angesikia?

Walisikia wa chumba cha pili. Meli ina watu wengi na kuta nyembamba, na walikuwa wameshaanza kunitazama. Mwanamke mwenye kibao mlangoni siku nzima, asiyekula mezani ila anabeba chakula, anayeongea na mwanamume asiyejibu. Nilikuwa nimeshughulika sana kuwashuku wao hata sikuona kwamba wananishuku mimi.

Waligonga asubuhi, baada ya chai. Walikuwa nesi na mkuu wa usalama, mwanamke mnene wa makamo, mzungu, mwenye funguo kiunoni. Nesi alitaka kujua mgonjwa anaendeleaje, maana kuharisha kwa mtu mmoja melini huweza kuangusha wote. Mkuu wa usalama hakuuliza kuhusu ugonjwa. Alifungua kabati. Akafungua bafu. Akapiga magoti, kwa shida, akamulika chini ya kitanda kwa tochi.

"Yuko wapi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Ningeweza kusema hakuna mtu. Lakini sikuzoea kumkana ndugu yangu, tena akiwa amelala pale.

"Yuko hapa," nilimwambia.

Alitazama kitanda kitupu kilichotandikwa, akanitazama mimi, akashika redio yake. Nilielewa neno moja tu, Kenya, na nikajua wanatafuta mtu wa kuniongelesha.

Aliyekuja alikuwa mwanamume mwembamba wa Kilifi, amevaa sare ya chini, ile ya kijivu ambayo abiria hawaioni. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kwa sabuni. Alinisalimu shikamoo, ingawa umri wetu haukupishana sana, na mimi nikamwitikia kwa shaka kama nilivyowaitikia wote.

"Dada, hawa wasema umemficha mtu."

"Sijamficha. Nimesema yuko hapa."

"Nani?"

Nilimtajia jina. Alikaa kitako sakafuni, pale pale, mgongo kwenye kabati. Mkuu wa usalama alimwuliza jambo, naye akainua mkono kumwomba angoje. Baadaye aliniambia walilala chumba kimoja na mdogo wangu tangu aajiriwe, kitanda cha juu na cha chini, na kwamba hakuna aliyemwambia kuwa dada wa mwenzake yumo melini.

"Ulimwita?" aliniuliza. Kumbe na kwao wanajua mambo haya.

"Nilimwita juzi. Tulipopita."

"Ulisimama wapi?"

"Huko juu. Penye vile vyuma."

Alitikisa kichwa polepole. "Dada, yeye huko juu hakuwa. Sisi hatupandi huko. Ukituona huko, tumetumwa na tuna karatasi. Umeita mlango si wake."

Nilisikia aibu na baridi pamoja. Siku zote zile nilikuwa nimekiwekea nafasi kitanda kitupu kwelikweli. Nilimwuliza mlango wake ni upi. Hapo ndipo alipoanza kuongea na mkuu wa usalama kwa muda mrefu, na sauti zao zikapanda. Nilimwona yule mwanamke akikataa. Nilimwona akinitazama tena, na kile kitanda, na leso yangu ya matofaa. Mwishowe alizitoa funguo zake kiunoni.

Tulishuka ngazi ambazo hazina zulia. Huko chini meli ni nyingine. Mabomba, joto, harufu ya sabuni na mafuta, watu wanaokimbia wamebeba mashuka. Hakuna aliyetabasamu, na kwa mara ya kwanza nilipumua. Mwisho wa njia palikuwa na mlango wa chuma wenye kufuli jipya. Mkuu wa usalama alifungua akabaki nje.

Ni sitaha ya chini, upande wa nyuma, wanakofungia kamba meli ikifika bandarini. Kamba ni nene kuliko paja langu. Ukutani kuna matundu makubwa ya kuzipitishia, na tundu moja linaanzia karibu na sakafu, pana kama mlango wa zizi. Mbele yake kuna mnyororo tu. Maji yalikuwa karibu, yanapiga kelele, na sakafu ililowa. Yule wa Kilifi aliniambia nishike kitu, nikashika.

Aliniambia kwamba walikuwa wakitoka zamu ya kufua asubuhi wamechemka kama viazi, na mdogo wangu akipenda kuja hapa kupata upepo kabla ya kulala. Wengi walikuja. Haikuruhusiwa, lakini mlango ulikuwa haufungwi. Asubuhi ile alitangulia. Mwenzake alibaki kukunja taulo za mwisho, akamfuata.

"Nikakuta kikombe chake cha chai juu ya kile chuma cha kamba. Kimejaa nusu. Kina mvuke bado. Yeye hayupo."

Nilimwuliza nani aliona.

"Hakuna. Mimi sikuona, dada. Mtu akikwambia aliona, akudanganya."

Nilimwuliza kama alisukumwa. Alisema hajui, ila hakumkuta mtu njiani, na njia ni moja. Nilimwuliza kama huenda alishuka mahali. Alinionyesha lile tundu. Siku ile nchi kavu haikuonekana upande wowote, alisema. Alikimbia kupiga kengele, meli ikageuka, wakazunguka hapo mpaka siku ya pili.

"Kwa nini hawakutuambia kuhusu mlango huu?"

Alitazama kule mkuu wa usalama aliposimama, akateremsha sauti ingawa Kiswahili hakikueleweka na yeyote pale. "Kwa sababu ulitakiwa kufungwa. Kufuli hilo waliliweka baadaye."

Sijui nieleze vipi, lakini nilimwamini. Wote wa juu walikuwa na jibu zima. Huyu alikuwa na nusu, na alinipa nusu hiyo bila kuijaza maji. Mpaka leo kampuni ile naishuku. Mtu aliyeficha mlango anaweza kuficha dirisha. Lakini nilijua sasa wanaficha nini.

Nilimwita tena. Kelele za maji zilikuwa nyingi kwa hiyo nilipaza sauti. Nilimwomba radhi kwa kumwita kwanza kutoka mahali ambapo hakuwahi kufika. Yule wa Kilifi alivua kofia na kuomba dua yake kimya kimya.

Jioni ile nilikula. Nilikula wali, samaki na kitu chenye maziwa ambacho sikijui jina. Jambo halikuwa limetengenezwa, najua, na baba mdogo angenikemea. Lakini chakula kile kilipikwa na watu wa sare za kijivu. Yule kijana wa mezani alisimama akaangalia sahani yangu mpaka ikaisha, akaweka na ya mdogo wangu bila kuuliza chochote.

Ukishuka Mombasa, hesabu mizigo yako kabla hujatoka bandarini, na usikubali kubebewa na asiye na kitambulisho. Nilikata tiketi mbili za treni na mbili za basi. Njiani sikumsalimu mtu, kwa sababu anayemleta marehemu hasalimu mpaka afike kwa mwenye msiba. Watu wa Bungoma stendi walinichukulia kuwa nimerudi na majivuno ya meli. Mmoja aliniita, "Sasa, mama mzungu," na wenzake wakacheka, ati bahari imenimeza ulimi.

Mabanga nilimkuta mama amekaa mlangoni na baba mdogo ameshafika. Kabla sijaingia, baba mdogo alinivuta kando akaniambia nimwonee mama huruma. Hakutaja tena yule mzungu. Nadhani naye alikuwa amechoka. "Mwambie tu ulionyeshwa mwili. Basi. Si tumalize hii maneno?" Nilimwelewa. Ng'ombe wa matanga alikuwa anakonda na watu wanasema. Lakini mgomba haukatwi kwa uongo.

Nilikaa chini mbele ya mama.

"Umemwona?" aliniuliza.

"Sikumwona, Mama. Nimeona mahali."

Baba mdogo aliguna. Mama hakumgeukia. Nilimwambia yote kama nilivyoambiwa: zamu, joto, mlango usiofungwa, tundu la kamba. Nilimwambia hakuna aliyeona. Nilimwambia hata kwamba mara ya kwanza nilimwita pasipo pake. Nilimwambia kuhusu kikombe kwa sababu kilikuwa sehemu ya habari.

"Kilikuwa kimebaki na chai?"

"Nusu. Ilikuwa bado moto."

"Umesema nusu."

"Ndiyo, Mama."

Alikuwa ameweka mkono gotini, anaukunja na kuukunjua.

"Huyo mtoto," alisema, "tangu namwachisha ziwa hajawahi kuacha chai kikombeni. Hata ikiwa imeungua. Hata umwite namna gani. Anakwambia ngoja nimalize."

Baba mdogo alitaka kusema neno, akaliacha. Mama alishika fremu ya mlango akainuka. Alituambia tukate mgomba. Baba mdogo alichukua panga na kuelekea ule ulio karibu na jiko, mfupi, wenye mkungu. Mama alimfuata kwa miguu yake mibovu akamsimamisha. Alisema huo haumtoshi, mwanawe alikuwa mrefu. Akatembea mwenyewe kati ya migomba, akiipapasa mmoja mmoja, mpaka mwisho wa shamba, na huko akachagua mmoja uliosimama wima na ambao ulikuwa haujazaa.